Pole ya Nini?

Shoga, weka hicho kitenge chini usome. Nimetoka kwa Azza sasa hivi.

Daktari wa upasuaji alimwambia mumewe, Sheikhan, kwamba kansa ya titi imeshasambaa. Mumewe tu! Azza akaambiwa ni uvimbe. Sheikhan huyohuyo akaenda kuwamwagia wenzake siri hiyo dukani.

Leo wanawake wa Mchikichini wakajaa sebuleni kumpa pole. Azza akauliza, "Pole ya nini?" Pole ya nini, shoga! Jirani mmoja akaropoka: ya kansa.

Akamgeukia Sheikhan: "Mtaa mzima unajua, mimi mwenye titi ndo sijui?"

"Nilikuwa nakulinda, mama Muaz."

"Unanilinda au unanizika?"

Akachukua faili lake la hospitali. Kesho anaenda kwa daktari peke yake. Sheikhan ameambiwa asubiri habari kutoka kwa majirani.