Barua Isiyo na Mteja

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu tele. Natumai hujambo huko maabara, unaendelea kuwanyonya watu damu. Mimi mzima, dawa nameza. Jana mwalimu wa hesabu kasinzia kwenye kiti changu cha kunyolea, kichwa kikaanguka, mashine ikapita katikati. Nikamwambia ndiyo mtindo mpya. Kanishukuru!

Nimetoa damu ya utafiti wenu, mirija mitatu. Sonona, ile huzuni isiyoisha, imeshaniangusha mara mbili. Niambie basi, itarudi au imeshanisahau?

Kaka yako

20 Februari

Kaka,

Shikamoo. Maskini mwalimu! Nimecheka mpaka bosi kanikata jicho.

Majibu yametoka. Viashiria tunavyovitafuta kwenye damu ya watu ambao sonona inawarudiarudia, kwako viko chini. Damu yako nzuri, kaka! Nina furaha mpaka basi. Msalimie wifi.

Mdogo wako

10 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi nipo. Kazi inaendelea. Asante kwa majibu. Mvua imenyesha kidogo. Usiwe na wasiwasi.

Kaka yako

14 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, maana naijua, na simu hupokei. Barua yako haina mteja hata mmoja. Wewe! Hata wiki ile baada ya msiba wa mama uliniandikia habari za yule mzee kipara anayetaka apunguzwe pembeni tu. Zile mara mbili ulizougua, wateja ndio walitoweka kwanza kwenye barua zako, usingizi ukafuata.

Umeacha dawa, sivyo? Kosa ni langu. Nilikuandikia "damu yako nzuri" kana kwamba nakupa cheti cha kupona. Vipimo vile bado tunavichunguza, na wapo ambao viashiria vyao viko chini na sonona inawarudia vilevile. Nilijua hayo, nikakimbilia kufurahi. Nisamehe.

Daktari wako nimeshampigia, anakusubiri Jumatatu saa tatu asubuhi. Wifi atakusindikiza. Ukileta ubishi, kasema atakuvuta sikio. Nikasirikie ukitaka, lakini nenda. Nakupenda, kaka.

Mdogo wako

10 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi nilikwenda, na sikio bado ninalo.

Umenikamata. Barua yako ya Februari niliibandika kwenye kioo cha kinyozi, vidonge nikavitupa siku ileile. Nilijiona mshindi. Kufika Aprili nikawa nanyoa vichwa bila kujua ni vya nani. Niliogopa sana, nikaona haya kukuambia. Sasa nameza tena, wiki ya saba hii, na nalala. Daktari kasema safari bado, ila tumewahi. Damu nitawapa tena mkiitaka, lakini barua zangu uzisome kwanza.

Ile ya Februari nimeibandua, nikabandika yako ya Aprili. Wifi yako aliona aibu, nikamwambia acha waisome. Wanaisoma wakisubiri zamu. Fundi seremala kaisoma mara mbili, kisha kaniuliza kwa sauti ya chini huyo daktari anapatikana siku gani.

Tatizo ni yule mzee kipara, kajitambua. Kanuna, kaapa hakanyagi tena hapa kwangu. Leo asubuhi nimemkuta mlangoni kabla sijafungua, anataka apunguzwe pembeni.

Kaka yako