Njia ya Baiskeli Waliyoijenga Kwingine

Dar es Salaam

Kwa mama mkwe wangu, Mama Bakari, Kiegei.

Assalaam alaykum, Mama. Natumaini barua hii inakukuta goti limepata nafuu, maana nilisikia msimu huu hukuweza hata kwenda kupepeta ufuta. Korosho nazo vipi, zimeshika maua? Sisi huku miili ni mizima. Mjukuu wako Somoe anakwenda shule na chakula anakula, ila akisikia honi kali bado anashtuka na kuning'ang'ania nguo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Nikianza kusema, sauti inanikauka, nawe unaanza kulia, tunaagana hatujaambizana kitu. Atakayekusomea namwomba asiruke maneno kwa kukuonea huruma. Kiswahili changu kikiwa kigumu mahali, akugeuzie kwa Kimwera, taratibu.

Nilipomaliza eda hapo kwako uliniuliza, "Wenye barabara yao wamesemaje?" Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na halipendezi.

Lakini kwanza nikueleze mwanao alivyokufa, maana siku za msiba kila mtu alisema lake. Bakari hakuwa mzembe. Wewe ndiye uliyemwona akiendesha baiskeli tangu utoto, kutoka Kiegei hadi Nachingwea mjini, gunia la korosho nyuma. Huku alikuwa akienda nayo karakana, kwenye kazi yake ya useremala, akipita pembeni kabisa, kwenye kile kipande cha udongo kilicho kati ya lami na mtaro. Asubuhi ile kipande hicho kilikuwa kimejaa magari ya watu walioegesha wakaingia madukani. Ikabidi apande kwenye lami ili ayapite. Gari lililokuwa nyuma yake halikupunguza mwendo.

Dereva alishuka akasema, "Huyu katokea tu." Mama, katokea wapi? Barabara imenyooka na jua lilishawaka. Halafu askari aliyekuja kupima akanigeukia mimi niliyekuwa nimefika mbio, akaniuliza kama baiskeli ilikuwa na taa.

"Taa ya nini, afande, na jua lote hili?"

"Mama, mimi nauliza kwa mujibu wa utaratibu."

Wale walioegesha kwenye njia yake hakuna aliyewauliza kitu. Walitoka madukani, wakaona watu wamejaa, wakawasha magari yao wakaondoka. Kesi ya dereva ikaishia kwenye faini. Gari lake bado naliona likipita.

Basi niliporudi kutoka kwako nilianza kwenda maofisini. Mlango huu wanasema barabara ni ya wale, wale wanasema ni ya hawa. Kwenye benchi la kusubiri nikakutana na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mwalimu Fidelis, anayekwenda kazini kwa baiskeli. Naye alikuwa amekuja kwa ajili ya barabara ile ile. Tukaungana. Tukawakusanya wengine wa mtaani kwetu: wauza mkate, wauza maji, mnoa visu, fundi magodoro. Kila mmoja alikuwa na kovu la kukuonyesha. Ombi letu halikuwa kubwa. Tulitaka njia ya baiskeli kando ya barabara, itengwe kwa ukingo wa zege ili gari lisiweze kupanda, kwa sababu mstari wa rangi wanaukanyaga. Na matuta karibu na soko, basi.

Tukaja kusikia barabara yetu itapanuliwa, na wananchi wanaitwa kutoa maoni. Mama, nilivaa khanga yangu safi kama naenda harusini. Mhandisi alibandika mchoro mkubwa ukutani, magari yamechorwa vizuri kwa rangi, hadi miti imechorwa. Mwalimu Fidelis akanyoosha mkono, akauliza baiskeli zinapita wapi.

"Hiyo itaingia awamu ya pili," mhandisi akajibu.

"Awamu ya pili ni lini?"

"Itategemea."

Mzee mmoja aliyekaa mbele, anachezea funguo za gari, akasema bila hata kugeuka, "Tusipoteze muda. Waendesha baiskeli ni wachache siku hizi. Baiskeli ni usafiri wa shamba."

Nikasimama. Sikuwa nimewahi kusema mbele za watu, Mama. Nikamwambia, "Baba, tutakuwaje wengi na huku tunazikwa? Mimi wangu nimemzika Kiegei, huko huko shamba unakokusema. Huko aliendesha baiskeli miaka yote hakuna aliyemgusa. Nyinyi mmemmaliza kabla Somoe hajajua kusoma."

Wachache walipiga makofi. Mhandisi akaandika kitu, akasema maoni yamepokelewa. Kisha wakagawa soda.

Miezi ikapita. Siku moja nikapigiwa simu, dada mwenye sauti nzuri ananiambia, "Hongera, Mama Somoe, njia ya baiskeli imejengwa, tunakualika kwenye uzinduzi." Nililia kwa furaha. Nilikimbia kumwambia Mwalimu Fidelis, naye akanishika mikono, tukacheka kama watoto. Hatukuuliza imejengwa wapi.

Walinitumia gari lije linichukue. Ndiyo, Mama, gari, kwenda kuzindua njia ya baiskeli. Tulikaa kwenye foleni mpaka mgongo ukaniuma. Lilipita barabara yetu, likapita mahali pale alipoangukia Bakari, halikusimama. Likaendelea mpaka upande wa pili wa mji, kule kwenye nyumba zenye mageti na walinzi. Huko ndiko walikoijenga. Nzuri, nisikudanganye. Ina ukingo wa zege kama tulivyoomba, na maua. Watu wa kule wanaendesha Jumamosi kupunguza vitambi, kisha wanapakia baiskeli juu ya magari wanarudi nyumbani.

Nikavalishwa fulana yenye maandishi ya usalama barabarani juu ya gauni langu la msiba. Yule dada akaninong'oneza, "Sema tu unashukuru, na kwamba marehemu angefurahi." Nikapewa kipaza sauti. Nikasema, "Mume wangu hajawahi kufika hapa. Hakuwa na shughuli huku. Alifia barabara ya kwetu, na kwetu hakuna hata jiwe moja mliloweka." Nilitaka kuendelea, lakini mshereheshaji alishakichukua kipaza sauti. "Tumwelewe mama yetu, ana uchungu," akasema, muziki ukafunguliwa. Jioni redioni walisema mjane wa marehemu aliishukuru serikali kwa niaba ya familia. Kwa niaba yako, Mama. Ndiyo maana nataka usikie kutoka kwangu kwamba sikushukuru.

Barabara ya kwetu nayo wameshaipanua. Kile kipande cha udongo hakipo tena, kimekuwa lami ya magari. Waenda kwa miguu wanatembea juu ya mifuniko ya mtaro, wenye baiskeli wanaomba Mungu. Muuza mkate mmoja wa kundi letu amevunjwa mguu, na mkate wake ulisagwa na matairi siku nzima, hakuna aliyesimama kuuokota. Kundi limepungua. Hata Mwalimu Fidelis amenunua pikipiki. Alikuja kuniaga kwa heshima, akasimama mlangoni hakutaka kukaa.

"Mama Somoe, nina watoto wanne. Siwezi kungoja awamu ya pili."

Nilimwambia namwelewa. Alipoondoka nilikasirika mpaka nikashindwa kula, na bado sijui nilimkasirikia nani. Kwenye mkutano uliofuata tulikuwa mimi, mnoa visu, na viti.

Wewe unataka nirudi Kiegei na mtoto. Nitarudi, Mama, lakini si sasa. Nikiondoka hakutakuwa na wa kuwauliza, na watasahau kwamba hata waliulizwa. Kila mwezi nakwenda kukaa kwenye benchi lao. Wameshanizoea. Karani akiniona anasema, "Mama Somoe, bado." Nami naketi.

Sasa liko jambo ambalo limenifanya nishike kalamu leo. Shemeji Shaibu ameniambia kwa furaha kwamba wapimaji wamepita huko na vigingi vyekundu, na kwamba barabara itawekwa lami. Akaniambia malori ya ufuta yatakuwa yanakimbia kama upepo. Ni mbio hizo ninazoziogopa. Huko kwetu nani haendeshi baiskeli? Wakunga, mashehe, wanafunzi, mama wenye ndoo za mihogo. Wote watakuwa "wametokea tu".

Kwa hiyo wakiitisha mkutano, nendeni. Wewe pia, hata kwa fimbo. Shaibu apige mbiu mpaka Nanganga kwa mama yangu, wao nao wajiandae. Msikae nyuma. Mkiuona mchoro, tafuteni baiskeli kwenye mchoro, na kama haipo msikubali soda wala awamu ya pili. Waulizeni kabla lami haijamwagwa. Ikishamwagwa utabaki kuuliza peke yako.

Nisalimie baba mkwe, umwambie dawa ya macho nitampa mtu wa basi amletee. Msalimie shangazi wa Bakari aliyekaa nami wakati wa eda, na wifi yangu mwenye mapacha. Mama yangu kule Nanganga mkikutana mnadani mpe mkono wangu. Na wewe ukienda makaburini, ling'oe lile jani linaloota upande wa kichwani kwake.

Mkwe wako,
Hadija, Mama Somoe