Miche Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi
Nimepita tena nyumba kwa nyumba hapa kambini kukagua miche niliyogawa. Yote hai. Yote ingali ndani ya vifuko vya plastiki, imepangwa milangoni kama abiria. Wanaimwagilia kila asubuhi. Hawaipandi. Sielewi. Kilima cha juu yetu ni kitupu, miti yake iliishia kwenye makaa. Mvua imeanza na korongo lililochimbwa na maji limesogea.

Alhamisi, 6 Machi
Baada ya maombi nimewaonyesha picha za ukame. Mizoga ya ng'ombe, ziwa lililokauka. Saikolojia ninayosoma chuoni Mbarara inasema hofu ikizidi, mtu huziba masikio. Nilijua. Nimezionyesha hata hivyo, kwa sababu mwenye hofu ni mimi: korongo limekaribia kaburi la baba. Mama Furaha, jirani yetu, akacheka, akaniita binti kwa Kifaransa: "Mamzeli wa miti, unatuogopesha na ngombe? Vita ilishamaliza woga yetu yote!" Kanisa zima likacheka. Aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Udongo unaanguka kwa sauti laini, kama mtu anayeketi. Nimemwota baba. Anauliza kwa nini tumemwacha ukingoni.

Jumapili, 9 Machi
Nimemuuliza mama mbona mche wake haujapandwa. Amechambua maharage muda mrefu. "Muti ni ya mutu mwenye anabaki. Siku batatuita Canada, ama turudie kwetu Uvira, nitaubeba." Mizizi imeshatoboa plastiki.
Si uvivu. Si ujinga. Kupanda ni kukiri kwamba hatuondoki. Nami nilikuwa nawahubiria hali ya hewa.

Jumanne, 11 Machi
Mbarara, darasani. Dirishani naona kilima cha Kamukuzi, miti ya watu wenye kwao. Wivu. Nimeamua: picha basi. Nitauliza juu ya miti waliyoiacha.

Jumamosi, 15 Machi
Majirani wamekuja uani kwetu. Swali moja tu: kwenu, nje ya nyumba, palikuwa na mti gani? Mama Furaha alianza kwa mzaha, akafika kwenye avokado lake, akalia. Mama akataja michikichi ya baba. Sijawahi kumsikia akiitaja. Sikusema neno juu ya korongo.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua kubwa. Ukingo umemeguka. Msalaba wa baba ulitumbukia. Nimeshuka kuuokota.

Jumatano, 19 Machi
Mama ametoka na wembe na mche wake. Amechana plastiki, ameupanda kati ya kaburi na korongo. Nilitaka kumkumbusha Canada. Akasema mwenyewe, bila kugeuka: "Baba yako haendi fasi yoyote, ye anabaki."
Mama Furaha alikuwa akitazama kutoka kwake. Akaja na wake. Wengine wakafuata.
Sijui kama mizizi itawahi mvua ijayo. Tumekaa pale mpaka jua likawa kali. Kisha mama akaniambia nilete maji.