Mtoto Niliyesema Simjui

Usangi, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Elieshi,

Hujambo? Baridi ya huko imekuachia? Sisi wazima, ila goti langu la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda kanisani.

Nina neno moja tu. Mwanangu Geofrey simpati hewani tangu kabla ya Krismasi. Kila nikipiga, yule dada wa kwenye simu ananijibu Kizungu. Yuko kwako, mama yake mdogo, kwa hiyo najua anakula. Lakini mwambie mama yake hajafa bado. Na kama kuna jambo, nieleze wewe.

Dada yako,
Gladness

Woolwich, London, 2 Februari 2024

Dada, shikamoo. Pole na goti. Nimechelewa kujibu, kazi imenibana.

Geofrey hajambo kabisa. Amehamia Birmingham, amepata kazi kwenye ghala, na mtandao wa huko unasumbua. Nitamwambia akupigie.

Uliwahi kuniuliza nafanya kazi gani hasa. Ni hivi: mateja wanaoshikwa kwa wizi mdogomdogo, badala ya kufungwa, wanaletwa kwenye mahakama yetu. Kila baada ya wiki mbili wanasimama mbele ya hakimu yuleyule. Mimi ni mnasihi wao. Nawasikiliza, wanapimwa mkojo, naandika ripoti. Asiyegusa unga wiki mbili, hakimu mwenyewe anampigia makofi, nasi tunapiga. Sikufichi, dada, najivunia.

Mdogo wako,
Elieshi

Usangi, 12 Februari 2024

Mdogo wangu,

U mzima? Mimi mzima, na umenitua mzigo. Jana ibadani nilisimama wakati wa shukrani, nikasema mwanangu amepata kazi, na mdogo wangu anaokoa watoto wa watu huko Uingereza. Kina mama wa usharika walipiga vigelegele mpaka mchungaji akasubiri.

Nimemtumia Geofrey meseji ya pongezi. Haijamfikia.

Dada yako,
Gladness

Woolwich, 21 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Leo sikuulizi hali, maana ninayokuletea yataiharibu. Miezi miwili nimekuwa nikiifungua barua yako na kuifunga.

Geofrey hakwenda Birmingham. Novemba nilikuta vipande vya foili ya jikoni vimeungua chini ya kitanda chake, nikajua anavuta unga. Mimi, ambaye kutwa nawaambia wazazi wa watu wasifukuze watoto, nilimpa siku moja ahame. Niliogopa wenzangu kazini wajue. Niliogopa Watanzania wa hapa Woolwich. Aliondoka na begi la mgongoni, na sikumuuliza anakokwenda.

Wiki sita zilizopita, mwenzangu Nishma alitusomea majina ya kesi mpya. Tuna kanuni: ukisikia jina la mtu unayemjua, hata awe jirani tu, unasema palepale na kesi inapewa mwingine. Akasoma jina la Geofrey, kisha akanigeukia: "Huyu Mtanzania mwenzako, unamfahamu?"

Nikasema, "Simfahamu. Tanzania ni kubwa." Wakacheka, nami nikacheka, na kesi nikapewa mimi.

Alipoingia mahakamani alikuwa amekonda, viatu havina kamba. Hakimu akamuuliza kama ana ndugu London. Alinitazama mara moja. Akasema, "Hapana, sina mtu." Dada, alinifichia siri! Tangu siku hiyo nimeandika ripoti tatu juu ya mwanao kama mtu baki. Wiki iliyopita kipimo kimeonyesha unga. Ukionekana tena mwezi Mei, atafungwa.

Naona aibu hata kutia jina langu hapa.

Elieshi

Usangi, 28 Aprili 2024

Elieshi,

Sijambo, kama kulia ni ujambo. Nilikutukana kwa Kipare, peke yangu jikoni, mpaka kuku wakakimbia. Kisha nikanyamaza, maana nami nina langu.

Geofrey alianza unga Dar, alipokuwa chuoni. Nilijua. Nilipokuomba umpokee, nikasema anakuja kusoma, nilichotaka ni kumwondoa machoni pa watu wa usharika. Nilikukabidhi mgonjwa nikamwita mwanafunzi. Ukoo mzima ni wewe unayeyajua maradhi haya, na ni wewe niliyekuficha. Niliona haya ujue kwamba mwanangu ni teja.

Tumemficha sote wawili, mpaka naye amejifunza kujificha. Mimi huko sifiki, na viza hawatanipa. Wewe uko hapohapo. Nenda kamtambue mwanetu mbele ya watu, haidhuru ikugharimu nini.

Dada yako,
Gladness

Woolwich, 10 Mei 2024

Dada, shikamoo. Goti linaendeleaje?

Jumanne nilimwambia Nishma, kisha meneja. Nimesimamishwa kazi. Watanichunguza, na huenda nisiruhusiwe tena kufanya kazi hii. Ripoti zangu zote juu yake zimetupwa. Nishma hakuniangalia nilipokuwa nafungasha kikombe changu na kalenda.

Jana ilikuwa siku ya Geofrey. Niliingia kwa mlango wa watu wote, nikakaguliwa mkoba, nikakaa nyuma wanapokaa ndugu. Hakimu alipouliza kama kuna mtu wa familia, nilisimama, dada. Nikasema: huyu ni mtoto wa dada yangu, na kwetu mtoto wa dada ni wangu. Nilimfukuza nyumbani, kisha nikamkana humuhumu ndani. Watu niliokunywa nao chai miaka saba walikuwa wanaangalia karatasi zao.

Kipimo cha jana nacho kilikuwa na unga. Lakini hakimu hakumfunga, amempa mwezi mmoja wa kujaribu tena, chini ya mnasihi mwingine, mradi awe na pa kulala. Nikasema anapo.

Msamaha wangu nilikuwa nimeupanga wiki nzima, neno kwa neno. Tulipotoka nje ukanikimbia wote. Tulipanda basi la ghorofa, tukakaa viti vya juu. Geofrey akanigeukia. Miezi sita nimemwacha alale ninapopajua na nisipopajua, dada. Akaniinamia, akaniuliza taratibu, "Mama mdogo, umekula?"

Nililia mpaka tukapitiliza kituo chetu.

Mdogo wako,
Elieshi