Baba Mkwe Mbele ya Kompyuta

Na usiniulize tena kama baba mkwe amenikubali, Dada Mwende, maana leo nimejibiwa! Huku Kisii mzee hakai karibu na mke wa mwanawe wala kupiga naye soga. Ndiyo heshima yao. Tangu harusi hajanisemesha, na wasiwasi ulinikondesha.

Leo alitaka kumwandikia shemeji yangu Nyakundi, aliye Amerika, kwa kompyuta ya dukani mjini. Aliyesomea taipu ni mimi tu.

"Mzee, sogea karibu," mama Mhindi mwenye duka akamwambia.

"Hapa panatosha," akajibu kutoka mlangoni, amenipa mgongo, anatazama mvua. "Aandike chai imestawi. Aandike pia kwamba ndugu yake ametuletea mke mzuri kabisa."

Nikaacha kuandika.

"Mbona sisikii taipu?" mzee akauliza bila kugeuka.

"Mzee, bibi arusi analia!" mwenye duka akamwambia.

"Alie, lakini aandike. Na hilo la mke mzuri aliandike mara mbili."

Nimeliandika mara tatu! Mume wangu Ombati amecheka mpaka basi. Mbusu mama. Mwezi huu hauishi kabla hatujafika Machakos na ndizi tamu za huku.

Ndinda wako