Mifuko ya Wanga

Goaso, 9 Mei

Mpwa wangu Akyaa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila goti langu linalalamika. Wewe je, unakula huko Kumasi au unashindia mikate?

Mifuko yako ya wanga wa muhogo imefika, na miche ya kakao imo ndani, imechangamka kweli. Wenzangu wa nnoboa, tunaolimiana mashamba kwa zamu, wameacha kununua ya plastiki kwa sababu nimewaapia: mfuko wa Akyaa unafukiwa pamoja na mche, udongo unaula. Bediako kanicheka, "Mfuko unaliwa? Basi tupikie supu!" Hebu nieleze vizuri nimkomeshe.

Mjomba wako


Kumasi, 20 Mei

Shikamoo mjomba,

Pole na goti. Mimi mzima, na ninakula.

Mwambie Bediako hivi: wanga peke yake unalowa na kumeng'enyuka. Kwa hiyo ninapandikiza juu yake nyuzi za plastiki laini ambayo vijidudu vya udongoni vinaila, kama mnavyobandika tawi la mchungwa kwenye shina la mlimau. Zikishika, mfuko unahimili mvua, kisha unaozea ardhini. Zangu zimeshika kuliko za mtu yeyote hapa! Siku moja tutafunga nazo hata vidonda. Nikitetea kazi hii chuoni Agosti, utaniita daktari.

Mpwa wako


Goaso, 17 Juni

Akyaa,

Hujambo mwanangu? Sisi wazima, mvua tele.

Siku ya kugawana miche imekuwa fedheha. Watu wamejitwisha mabeseni, hatujafika hata kwa Bediako, mifuko ikawa uji vichwani mwao. Mizizi nje, tope machoni. Mke wa Bediako alikaa chini akalia, maana msimu wao ndio umekwenda. Nikasimama nikasema kosa ni langu, nilimwagilia kupita kiasi na wewe ulikuwa umenionya. Jina lako ni safi. Nenda katetee kazi yako.

Mjomba wako


Kumasi, 2 Agosti

Shikamoo mjomba,

Nakuuliza hali huku nikiona haya. Samahani kwa kimya changu chote hiki.

Hukukosea kitu. Ukishapandikiza lazima uoshe kwa asetoni, nyuzi ambazo hazikushika zitoke, ndipo upime. Asetoni ilikuwa imeisha, nami nina haraka. Nikapima bila kuosha, nikahesabu hata zile zilizolala tu humo. Jibu likatoka zuri mno, nikalipenda. Juzi nimeosha, karibu zote zikatoka. Nilikuletea wanga mtupu, mjomba. Chakula hakipiti.

Nimemwambia profesa. Utetezi umesimamishwa. Jumamosi nakuja. Najua mkubwa haombwi radhi kwa karatasi, kwa hiyo Mama Foriwaa, mwenye nyumba wangu, atakuja kunisemea mbele yako. Kisha nitawaambia nnoboa ukweli.

Mpwa wako


Goaso, 5 Agosti

Mpwa wangu,

Tumeamka salama. Wewe kula, tafadhali.

Nilikasirika, sikufichi. Nikatoka niende kwa Bediako kumwambia kosa lilikuwa lako, nikafika mlangoni nikageuka. Ukisema ukweli wako Jumamosi, na uongo wangu utajulikana. Watu niliolima nao tangu ujana niliwatazama usoni nikawadanganya, na mke wa Bediako, na hasara yake yote, akaniletea fufu kunifariji. Nikaila, Akyaa.

Mimi huku sina wa kunisemea. Mwombe Mama Foriwaa ajiandae kuombea wawili.

Mjomba wako