Hata kwa Mwanamke

Jumatatu, 6 Machi 1944

Darasa la Sita leo: tauni ya Uingereza, mwaka 1348. Ukurasa mmoja tu kitabuni, baada ya yule mfalme aliyegombana na askofu wake mkuu mpaka askari wa mfalme wakamuua askofu kanisani. Tauni iliingia kwa bandari. Watoto wakaangaliana — nusu ya baba zao ni makuli wa bandari ya Kilindini. Mapadre walikufa wengi mno, wagonjwa wakakosa wa kuwaungamisha. Basi askofu mmoja akaandika barua isomwe makanisani: anayekufa na aungame kwa yeyote aliyepo, hata asiye padre, hata kwa mwanamke. Barua yenyewe aliiandika shambani kwake, mbali, alikojifungia.

Mwanafunzi wangu Philister akauliza: na huyo mwanamke, akishaambiwa, naye akamwambie nani?

Nikasema wafunge vitabu.

Alhamisi, 9 Machi

Ndui! Kijijini Mtopanga, nyumba tatu. Dresa Phineas, msaidizi wa daktari, amekuja shuleni kuchanja watoto. Mtu wa bara, mpole, anaomba radhi kwa kila mkono anaouchanja. Mimi nilikwisha chanjwa zamani, kovu ninalo.

Nimempelekea salamu mdogo wangu Nyevu, anayekaa huko Mtopanga na mama yetu na mwanawe Jumwa: nendeni nyote mkachanjwe. Mama amejibu kwamba chanjo ndiyo inayoleta ndui. Mama huyo!

Jumatatu, 13 Machi

Nyevu amechukuliwa.

Alianguka karibu na kisima kwa homa, askari wakamwinua, wakaona vipele usoni. Wamempeleka kambi ya wagonjwa iliyojengwa porini, njia ya Mwakirunge. Mumewe Baya yuko vitani ng'ambo, hajui lolote. Nimekimbia hadi nyumbani kwao. Mlango umefungwa. Jirani yao, Mwanakheri, ameniambia mama alikwenda Rabai na mtoto tangu wiki iliyopita. Nimekaa pale kizingitini nikalia kwa furaha. Jumwa yuko salama. Ana miaka mitano tu. Mimi Mungu hakunipa. Huyo ndiye wangu pia.

Jumatano, 15 Machi

Phineas ameniruhusu kuingia kambini kwa sababu ya kovu langu. Makuti, mchanga, harufu. Sikumtambua mdogo wangu — nimemjua kwa sauti. Hakuniomba maji. Ameniomba padre.

Padre wetu alivuka kwenda kisiwani siku ya Ijumaa, na sasa daraja la Nyali limefungwa kwa ajili ya ndui. Ametuma barua: ameomba ruhusa mara mbili, wakubwa wamemwambia asubiri. Asubiri nini? Ndui haisubiri. Barua imeandikwa vizuri, kwa wino mweusi. Mwishoni anatuombea.

Ijumaa, 17 Machi

Lazima niandike.

Nyevu aliuliza tena, padre amekuja? Nikasema bado. Nikakumbuka lile somo la tauni na barua ya askofu, nikamwambia. Sijui kama kanisa letu linakubali, nimemwambia tu. Alinitazama kwa jicho lile moja linalofunguka.

"Basi wewe, dada. Lakini kama padre. Usimwambie mtu. Apa."

Nikaapa, rozari mkononi.

Akaniambia: Jumwa hayuko Rabai. Jumwa ndiye aliyeugua kwanza! Mama na Nyevu walimficha chumba cha nyuma, na Mwanakheri akakubali kusema uongo, ili askari wasimchukue mtoto kambini, wasichome nyumba. Nyevu aliambukizwa akimlaza kifuani.

"Na binti wa Mwanakheri ndiye anayetuletea maji," akasema. "Anaingia mpaka ndani. Nilimwona ana homa siku moja kabla sijachukuliwa, nikanyamaza. Nimemuua, dada?"

Nilimwambia Mungu amemsamehe. Nani kanipa ruhusa ya kusema hivyo? Lakini alilala. Mara ya kwanza alilala.

Jumamosi, 18 Machi

Nyevu amefariki, saa tatu asubuhi. Wamemzika saa nne, chokaa juu. Nimesoma sala mimi.

Jumapili, 19 Machi

Hakuna misa. Nilikwenda Mtopanga, nikapita uani. Mama alifungua kidogo. Nikamwambia Nyevu amefariki. Hakupiga ukemi, alijishika mdomo kwa mikono miwili, mtoto asisikie.

Jumwa yu hai. Vipele vyake vinaanza kukauka, macho mazima. Alinisikia gizani akaita, "Mama?" Nikasema ni mama mkubwa. Akauliza mama yake anakuja lini. Nikasema nyamaza, mwanangu, lala.

Mama akaninong'oneza: atapona, siku chache tu, ukisema umeniua mimi na yeye. Nikamuuliza, na binti wa Mwanakheri? Akageuza uso. Kumbe binti huyo amelala mgonjwa tangu Alhamisi. Na wadogo zake wanne mkeka mmoja.

Niliapa. Nyevu hana siku mbili kaburini, na mimi niliapa.

Jumatatu, 20 Machi

Nimesema.

Sikwenda darasani. Nilimngoja Phineas njiani nikamwambia yote, ya mtoto na ya jirani. Sikumwambia nani aliniambia, ila bila shaka amejua. Alivua kofia. Akasema atawaweka Jumwa na bibi yake pamoja kambini, nyumba haitachomwa, ananipa neno lake. Tukaenda, askari wawili nyuma yetu.

Binti wa Mwanakheri wamemtoa amefunikwa shuka. Anapumua. Wadogo zake wamechanjwa palepale, wakilia. Mwanakheri alinitemea mate miguuni. Sikusogea.

Kwa mama mlango ulikuwa wazi. Hakuna mtu. Uji sufuriani bado una moto, mkeka wa mtoto umekunjwa. Aliyaona macho yangu jana — mama ananijua.

Mtoto mwenye ndui, mgongoni mwa mwanamke mzee, mchana kweupe, na leo ndiyo siku ya soko! Atapumzika wapi? Nani atampa mtoto maji kwa kata yake ya kifuu?

Phineas aliuliza, "Wamepita njia gani, Mwalimu?"

Nikasema sijui.

Alinitazama, akaandika kitu daftarini, akasema atakuwa kituoni mpaka saa kumi na mbili, nikikumbuka.

Sasa ni saa kumi na moja na robo. Mama akikimbia hukimbilia kwao Rabai, alikozaliwa. Kuna njia moja tu ya kufika. Mimi mwenyewe nilipitishwa humo nikiwa mgongoni mwake.